Cheti Kutoka Tura

Ng'ambo, Tabora
4 Machi 1935

Kwa Yoramu Ndahani,
Karani wa Pili, Ghala la Nta,
Tura Stesheni

Sikuulizi hali. Najua u mzima, maana watu wa aina yako hawaugui.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nifike Tabora. Nimefikia kwa dada yangu Apolinaria, na kila asubuhi mumewe ananiuliza kwa heshima zote, "Shemeji, leo unaelekea wapi?" Nikisikia swali hilo naiacha chai nusu, navaa kofia natoka. Nimekwenda bomani. Nimekwenda hospitali. Nimekwenda karakana ya reli, nikasimama juani na wenzangu kama arobaini, na kazi yenyewe ilikuwa moja. Nimepanda baraza za maduka yote kuanzia sokoni mpaka stesheni. Kote natoa cheti changu cha shule ya misioni, wanausifu mwandiko, wananikaribisha hata kiti. Kisha linakuja swali: "Mara ya mwisho ulifanya kazi wapi?" Nasema Tura, kwenye ghala la nta, karani wa mizani kwa miaka minne. "Na cheti cha Tura kiko wapi?" Hapo kiti kinarudi ndani na mimi narudi barabarani.

Sina cheti kwa ajili ya mdomo wako, Yoramu.

Nikukumbushe, kama umesahau. Siku ile Bwana Harwood, huyo tunayemwita Bwana Kamusi, alipima nta upya akakuta imepungua ratili ishirini na mbili. Nilimweleza taratibu kwamba nta ikichemshwa mara ya pili na kuchujwa hutoa nyuki waliokufa, majani na mchanga, na uzito lazima ushuke. Alikuwa ameanza kunielewa. Alikuwa ameshashika kalamu! Ndipo wewe, umekaa juu ya gunia, ukapaza sauti mbele ya warina asali wote: "Bwana, unasumbuka bure. Mwizi si huyo hapo? Babu yake alitoroka na pembe za msafara, baba yake aliiba mbuzi wetu akipita, na yeye ameila nta yako mpaka meno yamekuwa ya manjano." Watu wakacheka. Na mimi mjinga nikajibu kama mtu anavyomjibu mtani wake: "Ni kweli nimeiba. Nimewapelekea Wagogo wazibe yale matundu ya masikio, upepo wa kwao usiwapulize ubongo." Watu wakacheka zaidi, na wewe ukashika mbavu.

Bwana Kamusi hakucheka. Aliandika. Akasoma alichoandika kwa sauti: Dionis Kasimiri ameshitakiwa na mwenzake, naye amekiri mbele ya mashahidi kumi na wanne. Jioni yake nilikuwa stesheni na sanduku langu.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wakati sisi tukipita kwenu na mizigo na nyinyi mkitutoza hongo hata kwa maji ya kunywa. Hata mtoto anajua kwamba maneno ya mtani hayapelekwi barazani. Lakini yule bwana amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali, kwa hiyo anadhani ametufahamu.

Basi nenda kwake. Simama mbele ya meza yake, vua kofia, umweleze kwamba yale yalikuwa maneno ya utani, ya kwako na ya kwangu. Aniandikie cheti. Mistari minne tu inatosha.

Ni mimi,
Dionis Kasimiri


Tura Stesheni
11 Machi 1935

Mbukwa, mpagazi!

Barua yako ilivyokuwa nzito nilidhani umeibeba mwenyewe kichwani kutoka Tabora. Kumbe umeipakia kwenye treni. Babu yako angeona haya.

Kwanza nakupa pole. Pili nakucheka. Tatu nakuuliza: tangu lini Mnyamwezi akapita kwa Mgogo bila hongo? Babu zenu walileta vitambaa, wakaleta shanga na waya wa shaba, na bado walilala kambini siku tatu wakisubiri mkubwa wetu aamke usingizini. Wewe unaleta karatasi, tena imejaa matusi. Nitafutie kibuyu cha asali ya Sikonge, ile nyeupe, ndipo tuzungumze habari za Bwana Kamusi.

Usiirarue barua, nimekwenda. Nilisimama kofia mkononi kama ulivyoagiza. Akasikiliza vizuri sana, kisha akaanza maswali kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Je, ulimwona Dionis akiiba?" La, Bwana. "Basi kwa nini ulisema ameiba?" Kwa sababu ni mtani wangu. "Je, una chuki naye?" La, Bwana, nampenda, ndiyo maana namtukana. Akaweka kalamu mezani akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma. Akasema nirudi Jumatatu. Leo ndiyo Jumatatu, na amesema nirudi Ijumaa.

Wewe kaa kwa shemeji yako, ule ugali wake, unenepe. Mizigo itakuja.

Mkubwa wako,
Yoramu

Lile shati lako la kaki ulilolisahau nyuma ya mlango nimelichukua. Usilie. Mali ya mtani haina mlango.


Ng'ambo, Tabora
25 Machi 1935

Yoramu,

Ijumaa imepita, na ya pili yake imepita. Bwana amesemaje?

Nikuambie ninavyoishi, labda utaacha kucheka. Kuna duka moja kubwa la jumla hapa, karani wake mkuu anaitwa Eustace, mtu wa miwani na tai. Aliniambia cheti si kitu kwake, yeye anampima mtu kwa kazi. Nikafurahi kama mwehu. Akanipa mtihani: ninakili daftari la bidhaa la mwaka mzima kwa mwandiko safi. Nilikaa siku nne katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, nikinakili mabati, misumari, kaniki na sabuni. Siku ya nne akaipitia kazi ukurasa kwa ukurasa, akasema sijapata kuona mwandiko kama huu, akalifunga daftari, akaniambia nafasi hakuna. Wakati natoka nikamkuta kijana wa Nzega, anaitwa Silasi, anaingia kufanya mtihani wake. Yeye amepewa daftari la mwaka uliotangulia.

Nilirudi nyumbani. Shemeji akauliza, "Vipi huko, shemeji?" Nikamjibu vibaya. Apolinaria akaanza kuondoa vyombo. Mimi niliyekuwa nikimletea kanga kila Krismasi, leo namfokea mumewe ndani ya nyumba yake.

Sasa sikiliza, maana hili ni jambo lenyewe. Kuna Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, anafungua ghala la asali na nta huko Sikonge. Anataka karani wa mizani. Nilimfuata hotelini kwake hapa mjini, tukazungumza saa nzima juu ya nta: namna ya kuichuja, namna ya kuitambua iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Alifurahi. Akaniambia kwa kinywa chake: "Kazi ni yako. Niletee cheti cha ghala la Tura kabla mwezi wa tano haujaisha. Bila hicho siwezi, nta ni mali, nami sikujui." Kazi hiyo nimezaliwa nayo, Yoramu. Wajomba zangu wote ni warina asali. Kinachonizuia ni karatasi ya mistari minne.

Nakuomba kitu ambacho sijapata kukuomba. Acha utani. Mara hii moja tu. Usiniandikie habari za hongo wala za babu yangu. Niandikie: nimekwenda, amesema hivi. Tarehe ya mwisho ni thelathini na moja Mei.

Dionis


Tura
8 Aprili 1935

Mbukwa, wewe mtu wa daftari la misumari,

Umeniomba niache utani. Mwambie samaki aache maji, kisha ukae hapo umtazame. Siwezi, ndugu yangu, nitakufa.

Nimekwenda. Amesema hivi: hapana. Nimekwenda tena. Amesema hivi: hapana. Nitakwenda tena.

Kuanzia sasa usiandike kwa anwani ya ghala. Barua zako zinanuka jasho la upagazi, Bwana Kamusi amelalamika kwamba nta inaharibika. Andika kwa jina la Mzee Masele, mpishi wa Bwana, yeye amezoea harufu ya jikoni.

Cheti utakipata kabla ya tarehe yako. Mimi nimesema.

Yoramu


Ng'ambo, Tabora
13 Mei 1935

Kwa Bwana Yoramu Ndahani,
kwa mkono wa Mzee Masele

Nimesubiri wiki tano. Nimekuandikia mara mbili na hukujibu. Kila treni ya Tura ikiingia mimi nipo stesheni, mpaka makuli wameanza kunisalimu kwa jina.

Jana nimejua kwa nini unanyamaza. Sylvester, yule gadi wa treni ya mizigo, ametoka huko. Nilimuuliza habari za ghala. Akasema ghala linakwenda, na pale mizanini pangu amekaa mtu mwingine. Sura yake hakuiona, alipita mbali. Lakini wewe amekuona kwa macho yake, asubuhi, umeketi kwenye ngazi za ghala umestarehe, miguu umeinyoosha, umevaa shati la kaki lenye mifuko miwili. Shati langu.

Sasa mambo yote yamenyooka. Ndiyo maana hukutaka barua zangu zifike ghalani. Ndiyo maana "nimekwenda, nitakwenda tena." Ulikwenda kweli, ila ulikwenda kujiombea. Ulinitoa kwenye kiti kwa mdomo, ukakikalia. Na mimi huku nilikuwa nakutetea! Apolinaria alisema mwezi uliopita, "Kaka, huyo mtani wako amekuuza." Nikamkemea.

Unajua kilichofika nyumbani kwetu? Mama yangu ameletewa habari kisimani kwamba mwanawe aliiba nta ya Mzungu. Mama Marcelina, aliyefunga Kwaresima nzima ili nipate kazi ile! Ameacha kwenda kisimani asubuhi, anakwenda saa nane mchana wakati hapana watu. Hilo nalo likuchekeshe.

Zimebaki siku kumi na nane. Najua hakuna kitakachokuja. Nitarudi kijijini nikalime karanga, na hiyo si aibu. Aibu ni kurudi na jina la mwizi.

Nilikuwa na mtani Tura. Kuanzia leo sina. Usinitukane tena wala usinitanie, maana sasa ukinitukana yatakuwa matusi kama ya mtu yeyote wa njiani. Mimi nikifa usije. Na wewe ukifa sitakuja kusumbua watu kaburini kwako.

D. Kasimiri


Ghala la Nta, Tura
17 Mei 1935

KWA WOTE WATAKAOISOMA KARATASI HII

Dionis Kasimiri, Mnyamwezi, alifanya kazi ya karani wa mizani katika ghala langu kwa muda wa miaka minne na mwezi mmoja. Ana bidii, hesabu zake ni safi, naye hufika kwa wakati.

Mwezi wa Februari aliachishwa kazi kwa sababu ya shitaka la wizi. Sasa imethibitika kwamba shitaka hilo lilikuwa uongo. Mwongo ameshughulikiwa. Namshuhudia Dionis Kasimiri kuwa ni mtu mwaminifu.

G. Harwood
Mnunuzi wa Nta


Ghala la Asali na Nta, Sikonge
12 Juni 1935

Kwa Mzee Masele,
Tura

Shikamoo, mzee wangu.

Nakuandikia kwa kuwa bahasha iliyoleta cheti changu ilikuwa na mwandiko wako, ingawa ndani hamkuwa na barua. Ilifika Tabora tarehe ishirini na tatu. Nilimpelekea Bwana Stavro siku ile ile, hata kofia sikukumbuka kuvaa. Sasa nina wiki ya pili hapa Sikonge. Nina meza, nina mizani mpya kutoka Ulaya, na wajomba zangu wanaleta nta kwangu na kulalamika kwamba nawapunja, kama inavyopaswa.

Mama nimemwandikia. Nimesikia amerudi kwenda kisimani asubuhi.

Nifikishie shukrani zangu kwa Bwana Kamusi. Nilimfikiria vibaya. Kumbe amekaa akapima mambo mwenyewe akaiona haki. Nimefurahi pia kusoma kwamba mwongo ameshughulikiwa. Sitasema zaidi, wewe mwenyewe unamjua aliyesema uongo pale ghalani. Natumaini alikatwa mshahara kidogo, ajifunze.

Ombi langu ni dogo. Yule mtu ana shati langu la kaki. Kama hajalichakaza, naomba alivue akupe, nawe umpe Sylvester alilete Tabora. Sitaki kitu changu kibaki kwake.

Mwanao,
Dionis Kasimiri


Tura
24 Juni 1935

Kwa mwanangu Dionis,

Marahaba. Mimi si mwandishi, nimejifunza herufi ukubwani, basi soma polepole. Niliombwa ninyamaze na nilinyamaza. Barua yako imenitia hasira nimeshindwa.

Bwana Kamusi hakupima jambo lolote. Shati silileti. Sasa kaa chini.

Yoramu alikwenda kwa Bwana juu ya jambo lako mara saba. Mimi nahesabu kwa sababu kila mara nilikuwa naleta chai. Alieleza utani kwa kila namna. Alimleta mzee wa hapa Tura aeleze. Alimleta mwalimu wa dini aeleze. Bwana akasema: mzaha ni mzaha na wizi ni wizi, mtu amekiri. Mara ya saba, mwisho wa mwezi wa tatu, Yoramu akachoka. Akamwambia, "Bwana, utani hauufahamu, lakini uongo unaufahamu. Basi andika hivi: mimi ni mwongo. Nilimsingizia Dionis." Bwana akasema, "Hilo nalifahamu." Akamfukuza kazi pale pale, na cheti chako hakuandika. Alisema atafikiri.

Kwa hiyo tangu mwezi wa nne Yoramu hana kazi. Aliyekaa mizanini ni mgeni, ndugu wa karani wa posta. Zile ngazi Sylvester alipomwona ameketi, aliketi kila siku tangu asubuhi mpaka ghala lifungwe, akisubiri Bwana amalize kufikiri. Shati alilivaa kwa sababu yake mbili aliziuza, akala. Usiku alilala jikoni kwangu. Nilimwambia, mwandikie mwenzako ukweli. Akasema, "Nikimwandikia ataacha kunikasirikia, na akiacha kunikasirikia atakata tamaa. Muache akasirike, hasira inamtembeza."

Kisha ikaja barua yako ya mwezi wa tano. Nilimpa nikiwa nachambua mchele. Aliisoma amesimama. Nikangoja aseme neno la kuchekesha kama kawaida yake. Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati lako. Ugali nilimpa, hakula.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupakia behewa. Treni imekuja, wapakizi wako tayari, nta yote iko sakafuni inangoja kupimwa. Yoramu akaingia ghalani, akavua viatu, akapanda juu ya mizani akajilaza chali. Amekunja mikono kifuani. Bwana akamwambia, ondoka. Akasema, "Siondoki. Mwenzangu mmemzika hai, na mimi ni mtani wake. Kwetu mtani akilala kaburini, maiti hazikwi mpaka mtani huyo apewe haki yake. Haki yangu ni cheti cha Dionis."

Wanyamwezi wote pale walijua anafanya nini. Hakuna mpakizi aliyekubali kumgusa. Nyapara akaamrisha, hakuna. Yule karani mgeni alichanganyikiwa akasoma mizani kwa sauti: ratili mia na kumi na moja. Mtu mzima, Dionis. Wewe wakati wako ulimpima kwa mchezo akawa mia na arobaini.

Treni ikapiga honi mara ya kwanza. Ikapiga mara ya pili. Stesheni masta akaja anapiga kelele. Bwana Kamusi alikuwa mwekundu kama nyanya, akakaa mezani akaandika cheti chako huku wino unaruka. Mimi ndiye niliyekipokea. Kisha akachukua karatasi ya pili, akaandika cheti cha Yoramu pia, ingawa hakuombwa. Kina mstari mmoja: "Huyu ni mwongo, asiaminiwe." Yoramu alikisoma, akashuka mizanini, akavaa viatu, akamwambia ahsante.

Amekwenda na cheti hicho Malongwe, akarudi. Amekwenda Itigi kwa miguu, akarudi. Kwao hataki kwenda. Anasema atalivuka vipi tena lile pori la Mgunda Mkali arudi Ugogo mikono mitupu, watu wa kwao watamdhania Mnyamwezi. Alisema hivyo na hakucheka vizuri.

Sasa niambie kama bado unalitaka shati.

Masele, mpishi


Sikonge
3 Julai 1935

Mbukwa, wewe mwongo mwenye cheti!

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana kwa sababu zilikuwa za kulia, na nakujua, ungezibandika ukutani jikoni kwa Masele. Nimelia, Yoramu. Nimelia mizanini mbele ya mjomba wangu Ambrosi, akadhani namlilia kwa sababu ya nta yake mbaya, akaniambia nimwandikie uzito wowote ninaopenda.

Nimekukasirikia tangu Februari na bado nakukasirikia. Ungeniandikia! Mstari mmoja! Umeniacha nikakuandikia maneno yale, nikayapeleka posta mwenyewe kwa miguu yangu. Tena nikamwambia Masele natumaini umekatwa mshahara. Yale maneno sijui niyaweke wapi sasa. Wewe unajua sana kufunga mdomo siku unapotakiwa kuufungua, na kuufungua siku unapotakiwa kuufunga.

Nilikwenda kwa Bwana Stavro. Nikamwambia nina mwenzangu, karani hodari, ampe nafasi ya karani wa pili. Akauliza, "Cheti chake cha mwisho kinasemaje?" Nikaeleza habari yote tangu mwanzo: ratili ishirini na mbili, masikio, utani, kaburi. Nilieleza nusu saa. Yule Mgiriki alicheka sana mahali pote panapotakiwa, nikajua amefahamu. Kisha akafuta macho akasema, "Hadithi nzuri. Lakini karatasi imesema mwongo, na mimi na mabenki yangu tunasoma karatasi." Nilitamani kulala juu ya mizani mimi nami, ila hapa Sikonge treni hakuna, angeniacha nilale mpaka mvua.

Basi nikatafuta kazi isiyouliza cheti. Nimeiona. Warina asali wetu wako ndani kabisa ya pori, siku tatu kutoka hapa, na huko gari halipiti. Nta inatoka kwa vichwa vya watu, kwa mstari mmoja, kama zamani. Wapagazi nawaandika mimi. Hakuna anayewaomba karatasi, wanaonyesha mabega tu.

Umefahamu? Wewe, mjukuu wa watoza hongo, utabeba mzigo kichwani, katika nchi ya Wanyamwezi, na Mnyamwezi atakuhesabu asubuhi na jioni. Tena kila mto utakaovuka nitakutoza maji. Nimeshawaambia wapagazi kwamba anakuja Mgogo. Wameacha hata kula, wanakusubiri. Wametunga nyimbo, na moja ni ya masikio.

Beba miezi mitatu. Vyeti vya ghala hili naviandika mimi, Bwana Stavro anatia saini bila kuvaa miwani. Mwezi wa kumi utapata cha kwako, na sitaandika uongo hata neno moja. Nitaandika kwamba ulijua kukaa juu ya mizani.

Humu nimeweka nauli ya treni mpaka Tabora. Apolinaria atakupokea stesheni. Anataka kukuomba radhi, na amejizoeza mara mbili kukupikia kuku. Mumewe atakuuliza unaelekea wapi. Mwambie Sikonge.

Shati njoo nalo.

Mpagazi wa zamani,
Dionis


Tura
10 Julai 1935

Mbukwa, mwizi wa nta!

Nakuja Jumamosi. Mama yangu asijue ninakuja kufanya nini, nimemwandikia kwamba Wanyamwezi wamenichagua niwe mkubwa wao.

Shati silivui. Limekaa na mimi muda mrefu, sasa ni Mgogo.

Kuhusu kubeba, sawa. Lakini fungu langu la kwanza ulipime wewe mwenyewe kwa mkono wako, na usinipunje kama unavyowapunja wajomba zako. Nimekonda kidogo siku hizi, nikiyumba njiani wasicheke kwa nguvu. Nitanenepa. Mwambie dada yako kuku wawe wawili.

Humu nakurudishia barua moja ya tarehe kumi na tatu Mei. Ilinifikia kimakosa. Imeandikwa kwa bwana mmoja ambaye si mtani wako, na mtu huyo nimemtafuta Tura yote, hayupo.

Yoramu